Sufuria Ina Kinga, Fedha za Unga Hazina

Dalali akifika nyumbani kwa mdaiwa nchini Kenya akiwa na amri ya mahakama, kuna vitu asivyoruhusiwa kugusa. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai kinavitaja: nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa, mkewe na wanawe, pamoja na zana zake za kazi. Waliotunga sheria hiyo walijua kwamba mwenye deni naye hana budi kula, kulala na kufanya kazi.

Huruma hiyo huishia kwenye mlango wa benki. Chini ya Amri ya 23 ya Kanuni za Mwenendo wa Madai za mwaka 2010, mdai aliyeshinda kesi anaweza kwenda mahakamani bila mdaiwa kuitwa, akapewa agizo la muda la kuzuia fedha zilizomo kwenye akaunti. Agizo likifika benki, fedha zimefungwa. Mwenye akaunti anaweza kupata habari mwisho wa mwezi, kadi inapokataa mbele ya mashine na mwenye nyumba anangoja kodi. Atasikilizwa, ndiyo, lakini njaa haingoji tarehe ya kesi.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humkataza mwajiri kukata zaidi ya theluthi mbili ya mshahara, ili theluthi moja imfikie mfanyakazi. Theluthi hiyo ikishaingia benki, Amri ya 23 haitaji kiwango chochote kinachopaswa kuachwa. Kilichookolewa kwa mwajiri kinapotelea benki.

Wapo watakaosema dawa ya deni ni kulipa, na wana haki. Mdai si lazima awe tajiri. Huenda ni fundi aliyejenga nyumba asilipwe, au mama anayedai matunzo ya mtoto. Akaunti zikigeuka maficho, wajanja watarundika mamilioni humo na wakopeshaji watapandisha riba. Ndiyo maana kinga inayofaa ni ya kiwango maalumu, wala si ya akaunti nzima.

Ujerumani imefanya hivyo tangu Julai 2010. Mteja huiomba benki igeuze akaunti yake kuwa yenye kinga, maarufu kama P-Konto, na kila mtu ana haki ya moja tu. Kuanzia Julai 2025 kiwango cha msingi kiliwekwa kuwa euro 1,560 kwa mwezi, na huongezeka kwa mwenye wategemezi. Mdai wa matunzo anaweza kuruhusiwa kushuka chini ya hapo. Deni lenyewe halifutwi.

Nchini Marekani nako, tangu 2011, benki iliyopokea amri ya kukamata fedha hulazimika kukagua yenyewe miezi miwili iliyopita na kuacha kiasi cha mafao ya serikali kuu, kama pensheni ya uzeeni, yaliyoingizwa moja kwa moja. Mzee hahitaji kutafuta wakili. Jambo hilo ni kubwa, kwa sababu aliyefungiwa fedha zote atamlipa wakili kwa nini?

Bunge la Kenya liongeze katika kifungu cha 44 kiasi cha chini cha kila mwezi, kitakachopitiwa kila mwaka kulingana na gharama za maisha. Kihesabiwe kwa mtu, ili asiye mwaminifu asigawanye fedha katika benki tano. Kifike hadi kwenye pochi za simu, kwani wengi hulipwa huko. Madai ya matunzo ya watoto yapewe nafasi ya pekee, na benki zitekeleze bila kungoja kuombwa.

Mdai hatapoteza. Aliyebakiziwa nauli na chakula ataendelea kwenda kazini, na mshahara wake ndio utakaolipa deni kidogo kidogo. Aliyekombwa mpaka senti ya mwisho huikimbia benki, akaomba alipwe taslimu, na mdai akabaki na hukumu asiyoweza kuitekeleza.