Kabla hujaita fundi wa TV

Nimerudi kampasi jana toka likizo nyumbani Muleba, na nina la kusema.

Bibi aliomba aione video ya harusi ya shangazi, ile ambayo marehemu babu anatoa nasaha. Nikachomeka waya wa HDMI toka kwenye laptop hadi kwenye TV. Wapi! "No Signal". Majirani wamejaa sebuleni, msomi natokwa jasho. Mjomba akasema TV imekufa, ipelekwe kwa fundi Bukoba mjini.

Kumbe waya uko HDMI 1, TV imewekwa HDMI 2! Nikabonyeza Source kwenye rimoti. Ikaja wallpaper tu, video haipo. Nikabonyeza Windows na P, nikachagua Duplicate. Babu huyo hapo! Bibi kimya, machozi yanamlengalenga.

Jamani, fundi awe wa mwisho. Anza na Source, halafu Windows na P, halafu jaribu waya mwingine. Wa VGA mkumbuke, ule hubeba picha tu, sauti haipiti.

Tukiona aibu kukagua vitu vidogo, watakaoingia gharama ni wazee wetu. Au nakosea?