Mawe ya Uluguru Yanasingiziwa

Udongo wa miteremko ya Uluguru una mashahidi wengi wa uongo. Ukipanda kutoka Morogoro kwenda Mgeta utasikia habari zake kwa mkulima, kwa bwana shamba na kwa watu wa miradi, na mara nyingi utasikia mambo yaleyale: mweusi maana yake rutuba, mawe maana yake umaskini, mteremko maana yake matuta. Nayachukua moja baada ya jingine.

“Udongo wa msituni ni mweusi, basi una rutuba.”

Weusi ule ni mboji. Juu mlimani kuna baridi na unyevu, majani yaliyoanguka yanaoza taratibu, na mboji inajikusanya kwenye tabaka la juu. Ni jambo jema, ila rangi haisemi kitu kuhusu uchachu, wala haisemi kuna kalisi au potasiamu kiasi gani. Upande wa mashariki wa Uluguru unapokea mvua kubwa za kutoka Bahari ya Hindi, na mvua hizo zimeusukutua udongo kwa muda mrefu mno. Chakula cha mimea kinachobaki kinazunguka juu juu, kutoka kwenye jani linaloanguka hadi kwenye mizizi inayotambaa chini yake kidogo tu. Fyeka na uchome, majivu yatakupa mavuno ya mwanzo. Baada ya hapo unalima ganda tupu.

Wazungu wa Kijerumani waliokata misitu ya Usambara Mashariki katika miaka ya 1890 ili wapande kahawa walidanganywa na weusi huohuo. Waliona miti mirefu, wakadhani chini yake kuna hazina. Kahawa ikadhoofika, mashamba yakaachwa, udongo ukiwa mojawapo ya sababu kubwa. Chai ndiyo iliyokuja kustawi kule, kwa kuwa chai haina ugomvi na uchachu.

Halafu kuna jambo wasiolitaja wanaosifu weusi: mwamba ulio chini. Sehemu za Mgeta zimekaa juu ya anothosaiti, mwamba wenye kalisi kwa wingi. Kwingineko ni nisi na granulaiti. Vipande viwili vya msitu vinaweza kuwa na weusi uleule, huku kimoja kikiwa kinapokea kalisi kutoka kwenye mawe yake na kingine kikiwa hakina pa kuipata.

“Udongo wenye mawe si udongo wa maana.”

Hapa pana ukweli nusu, nao ni ukweli wa hesabu. Maabara huanza kwa kupitisha sampuli kwenye chekeche la milimita 2. Kinachopita hupimwa, na kinachobaki juu, yaani changarawe, kokoto na mawe, huwekwa kando. Kwa hiyo karatasi ya majibu inazungumzia udongo laini peke yake. Tuseme tifutifu lisilo na mawe linaweza kuupa mmea milimita 75 za maji katika kina cha sentimita 50. Jaza asilimia 60 ya ujazo huo kwa mawe magumu, na maji yanashuka hadi milimita 30. Mmea unaotumia milimita 5 kwa siku utavumilia siku 6 badala ya 15. Mtaalamu anayemsomea mkulima majibu ya maabara bila kuondoa sehemu ya mawe anamdanganya kwa namba sahihi.

Lakini umaana? Mawe yaliyolala juu ya ardhi hupokea kishindo cha matone ya mvua na kuzuia udongo laini usichukuliwe. Jiwe lililooza nusu hunywa maji na kuyatoa, na jinsi linavyomeng’enyuka linaachia madini mapya. Ndiyo maana udongo wa umri mdogo, wa mteremko wenye mawe, unaweza kuwa na akiba kubwa ya chakula kuliko ule mwekundu, wenye kina cha mita kadhaa, uliotulia kwenye mgongo wa kilima. Ule wa pili unapendeza kwa jembe, ila umeshamaliza karibu kila kitu kinachoweza kuoza. Nao mti wa msituni haujali sana kama jembe linagonga. Mizizi yake inatafuta ufa kwenye mwamba na kuteremka nao.

“Mlimani kote ni Leptosoli, hakuna haja ya kuchunguza zaidi.”

Dai hili ni la wasomi, na limetoka kwenye ramani. Katika mfumo wa kimataifa wa uainishaji, wenye makundi makuu 32, udongo unaitwa Leptosoli ukitimiza mojawapo ya masharti mawili: mwamba usiokatika uanzie ndani ya sentimita 25 kutoka juu, au udongo laini uwe chini ya asilimia 20 ya ujazo, kwa wastani hadi sentimita 75 au hadi kwenye mwamba kama uko karibu zaidi. Sharti la pili husahaulika. Lundo la mawe lenye kina cha mita nzima, udongo ukiwa umejibanza mapengoni tu, nalo ni Leptosoli.

Sasa shika sururu, chimba mahali penye mawe mengi chini ya msitu. Ukikuta asilimia 50 ya mawe na mwamba kwenye sentimita 80, Leptosoli imeshakataa. Huenda ni Kambisoli yenye mawe, yaani udongo ambao matabaka yake ndiyo kwanza yanaanza kujitokeza. Kama tabaka la juu ni nene, jeusi na chachu, huenda ni Umbrisoli. Teremka hadi kwenye kibonde ambako udongo uliosombwa umejikusanya, na kina kinaweza kukuzidi urefu.

Mabadiliko haya yana utaratibu, na utaratibu huo ulipewa jina hapahapa kwetu. Geoffrey Milne, mkemia wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, katikati ya miaka ya 1930 alipendekeza neno katena kwa mfuatano wa udongo unaojirudia kutoka kileleni hadi bondeni. Alikuwa anachora ramani ya udongo ya Afrika Mashariki, na karatasi haikuwa na nafasi ya kuonyesha kila badiliko la mteremko. Badala ya kulifunika badiliko kwa jina moja, aliuchora mfuatano wenyewe. Wanaoandika “Leptosoli” juu ya mlima mzima wanarudi nyuma ya Milne.

“Penye mteremko, dawa ni matuta ya ngazi.”

Hili limegharimu damu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kukata matuta mapana ya ngazi. Kwenye karatasi mpango ulikuwa safi. Kwenye udongo mwembamba, kukata ngazi ni kuzika zile sentimita chache za mboji na kupandisha juu udongo wa chini, mfu, uliochanganyika na vipande vya mwamba. Mahindi yaliyopandwa juu yake yalidumaa, na kina mama na vijana waliokuwa wakichimba waliliona hilo kabla ya maofisa. Mwaka 1955 ghasia zilizuka Matombo, mtu mmoja akauawa, na mpango ukaachwa. Upinzani ulikuwa na sababu nyingi, siasa ikiwemo, lakini kuuita ukaidi wa wakulima ni kukwepa swali la shimo: nani alichimba akaona kina kabla ya kutoa amri?

Mahali penye udongo wa kina kirefu, matuta hayo yanaweza kufaa sana. Kosa lilikuwa “kila mteremko”.

“Msitu hauporomoki.”

Unaporomoka, ila mara chache kuliko shamba. Tarehe 23 Februari 1970 mvua ya takribani milimita 100 ilinyesha Mgeta kwa muda usiozidi saa tatu, na zaidi ya maporomoko 1,000 yakatokea. Paul Temple na Anders Rapp waliyachunguza, na ripoti yao ya 1972 ilionyesha kwamba karibu yote yalianzia mashambani na kwenye nyasi. Yaliyoanzia penye miti hayakufika asilimia 1. Mizizi ya mahindi na nyasi inaishia ndani ya tabaka linaloteleza, ilhali ya miti inalivuka na kushika chini. Pasipo na nyufa za kushika, maji yanasimama kati ya udongo na mwamba laini, na hapo hata mti mkubwa huenda na mzigo wake.

“Uainishaji ni kazi ya maabara.”

Sehemu kubwa ni sururu, utepe wa kupimia, kitabu cha kulinganishia rangi ya udongo, na jicho linaloweza kukadiria mawe yamechukua sehemu gani ya ukuta wa shimo. Maabara inahitajika kwa uchachu na kwa madini yaliyoshikwa, kwa mfano kutenganisha Umbrisoli na ndugu yake asiye mchachu. Shimo moja halitoshi. Chimba juu, katikati na chini ya mteremko uleule, na kwenye fomu andika kila shimo liko wapi kabla hujaandika jina lolote.