Kugombea uongozi wa chama si kosa la kazi

Wafanyakazi wa Reli ya Kati ya Tanzania, chini ya chama chao cha TRAU, waligoma mwaka 1960. Lakini mwaka 1964 vyama vya wafanyakazi vilivunjwa, ikaundwa NUTA kuwa chama kimoja cha wafanyakazi wote, na kiongozi wake mkuu akawa wa kuteuliwa na Rais. Haki ya wanachama kumchagua wamtakaye iliwahi kuwaponyoka. Haifai kuchezewa leo.

Mfanyakazi akichukua fomu ya kugombea uongozi wa tawi, kisha ghafla akapewa barua ya onyo au ya uhamisho, ana kila sababu ya kuhoji. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inalinda ushiriki katika shughuli halali za chama. Anayeachishwa kazi kwa sababu hiyo ana siku 30 kufungua shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kuwa alitenda haki.

Tunawataka waajiri wakae mbali na kura za wafanyakazi. Viongozi walioko madarakani nao wasiwachongee wapinzani wao kwa mwajiri. Anayeogopa kushindanishwa hawezi kututetea.