Watu wa Kabazi, Tusipige Kura kwa Wimbi

Ndugu zangu wa Kabazi, na majirani zetu wa Subukia na Waseges, Jumanne ya Agosti 10, 2027 tutapanga foleni tena. Sokoni na kwenye stendi ya bodaboda swali ni moja: gavana wetu wa Nakuru aongezewe muhula au aende nyumbani? Mimi nasema tuanze kwa kujihoji wenyewe.

Enzi za baraza la manispaa, meya wa Nakuru alichaguliwa na madiwani, si na sisi. Hata baada ya Nakuru kupewa hati ya jiji Desemba 1, 2021, meya wa kupigiwa kura hakuna. Kuna bodi na meneja. Tunayemkabidhi funguo ni gavana, na Katiba inamruhusu mihula miwili tu.

Katika chaguzi za 2013, 2017 na 2022, hakuna aliyeongezewa muhula. Kinuthia Mbugua aliingia 2013 kwa tiketi ya TNA. Mwaka 2017 Lee Kinyanjui akambwaga kwenye mchujo wa Jubilee, akatwaa kiti. Mwaka 2022 Kinyanjui naye akaangushwa na Susan Kihika wa UDA. Tunajisifu kwamba hatuogopi kumtimua mtu. Lakini tazameni vizuri: kila mara aliyeshinda alitoka chama cha rais aliyeshinda mwaka uleule. Tulifuata wimbi, kisha tukajiita mahakimu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Mwenyeji asiyesema panapomuuma atapona vipi? Mfugaji aliyekama alfajiri, akafunga mitungi kwenye bodaboda, kisha akakwama kwenye tope hadi maziwa yakachacha, hasaidiwi na rangi ya chama. Barabara za kaunti, dawa za zahanati, afisa wa kilimo, shule ya chekechea: hizo ni kazi za kaunti. Polisi na shule za upili ni za serikali kuu. Anayeomba ugavana huku akikuahidi kituo cha polisi, ama hajui kazi anayoiomba, ama anakudanganya.

Basi aliye kitini tumuulize: uliahidi nini 2022, na kiko wapi katika wadi yetu? Anayekitaka tumuulize: ahadi yako italipiwa na fedha zipi, na utapunguza nini ili zipatikane? Asiyejibu, awe mkongwe au mgeni, asipate kura yetu kwa sababu ya wimbo, kofia wala noti ya mia mbili.

Wala tusingoje Agosti. Kifungu cha 201 cha Katiba kinataka umma ushirikishwe katika mambo ya fedha. Kikao cha bajeti kikiitishwa, twende, tusikilize, tuandike yaliyoahidiwa. Kuadhibu kwa kura kila miaka mitano ni haki yetu. Kusimamia kazi kila mwaka ni wajibu wetu. Wajibu huo tukiutupa, tutabadilisha magavana mpaka tuchoke, na barabara itabaki ileile.