Boti ya uvuvi si gari la bosi

Haya ndugu zangu, leo tuipumzishe siasa kidogo, tuingie majini. Najua wapo watakaosema mwandishi mzima anaandikaje habari za usukani na kioo cha boti wakati nchi ina mambo mazito. Subirini kwanza. Kuna watu wanaweka sahihi mkopo wa miaka kadhaa kwa ajili ya boti hiyo, na wengine wataingia nayo baharini usiku, mwezi umezama. Kwao hakuna zito kuliko hili.

Tangu Januari 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua kule Mwanza ugawaji wa boti za kisasa za uvuvi kwa mkopo, mazungumzo ya boti za faiba yamepamba moto kila mwalo na kila diko. Wengine wanasubiri za mkopo, wengine wanachanga wenyewe na kumfuata fundi. Nimesikiliza vikao kadhaa vya aina hii na maswali ni yale yale: urefu mita ngapi, injini ya nguvu gani, bei gani, marejesho kila mwezi kiasi gani. Mpangilio wa ndani, yaani nahodha atakaa wapi, usukani utafungwa wapi na mbele yake kutakuwa na kioo au hakuna, unaachiwa muuzaji. Anachagua picha inayopendeza kwenye katalogi, basi.

Kikundi kimoja cha wavuvi wa pwani ya kusini, watu kumi na wawili wa nyavu za jarife na mishipi, walikuwa karibu kugawanyika kwa jambo hili. Mwenyekiti wao alitaka boti yenye konsoli mbili na kioo kirefu cha mbele, kile chenye mlango mdogo katikati. (Konsoli ni lile kasha au meza inayobeba usukani, geji na swichi.) Nahodha wao, mzee aliyeanza na ngalawa, hakutaka hata kusikia. Akaniambia, "Mwanangu, mimi bahari naiona kwa shavu. Ukinizibia upepo na kioo, nitajuaje umegeuka?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu mzee alikuwa ametaja sababu ya kwanza ya kuogopa kioo kirefu, na ipo zaidi ya moja.

Boti ya konsoli mbili ilizaliwa kwa mahitaji ya watu wengine. Ni boti ya mwenye familia kule Marekani, ambaye alfajiri anavua na mchana anawapakia watoto na mama yao kutembea. Nahodha anakaa kulia nyuma ya kioo, abiria kushoto nyuma ya kioo chake, na katikati kuna njia ya kwenda mbele. Kwa kazi hiyo ni boti nzuri sana, na ukipeleka watalii kisiwani utaipenda. Lakini hesabu nafasi iliyoliwa. Konsoli mbili zimekaa pale pale katikati ya boti ambapo watu wanne wanatakiwa kusimama wavute nyavu. Kioo kina fremu, fremu ina kona, bawaba na skurubu. Nyavu iliyolowa haijui heshima, inanasa popote penye ncha. Ikinasa huku boti inakwenda mrama na jarife lina uzito wa samaki, utachana nyavu au utamvunja mtu vidole.

Halafu kuna jua. Pwani yetu ya Tanzania Bara inatazama mashariki. Mvuvi anatoka alfajiri na umande, jua linachomoza mbele yake. Anarudi alasiri, pua ya boti iko magharibi, jua linashuka mbele yake tena. Safari zote mbili analo usoni. Sasa weka kioo kilichokauka manyunyu ya chumvi katikati ya macho yake na jua hilo. Kinakuwa cheupe kama kimepakwa chokaa, na mtumbwi wa mtu mmoja ulioko mbele humwoni mpaka umemfikia. Chumvi inatolewa kwa maji baridi mengi, na kuna vijiji vya pwani ambako maji baridi yananunuliwa kwa ndoo. Atakayemwaga ndoo nzima kuosha kioo cha boti kila siku ni nani? Atapangusa kwa kitambaa kikavu, na punje za chumvi zitakwaruza plastiki hiyo kama msasa. Vioo vingi vya boti ndogo si kioo, ni akriliki au polikaboneti. Akriliki hukaa safi muda mrefu zaidi lakini hupasuka kwa kishindo, na polikaboneti haipasuki upesi lakini hukwaruzika haraka. Zote mbili ukizisafisha kwa petroli au tina, kama mafundi wetu wanavyopenda kusafisha kila kitu, zinafanya ukungu na nyufa ndogo ndogo ambazo hazitoki.

Wenzetu wa Ziwa Victoria wana shida nyingine. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, zamani karabai na sasa taa za LED. Taa ikiwaka nyuma ya nahodha, kioo cha mbele kinakuwa kama kioo cha kujitazamia. Ataona uso wake, ataona wenzake wanakunywa uji, ziwa hatoliona. Dereva wa basi la usiku anajua kwa nini huzima taa za ndani. Mvuvi wa dagaa hawezi kuzima taa yake, ndiyo chambo.

Na upepo wenyewe. Kioo kirefu ni tanga lisilo na foromali. Huwezi kulishusha. Boti ikiwa imesimama unavuta nyavu na kusi inavuma, kioo kinaisukuma pua ya boti kando, na nahodha anakaa anapigana na injini badala ya kuwasaidia wenzake.

Kwa hiyo mwenyekiti hakunishawishi. Lakini nisiwe mwongo, nahodha naye hakunishawishi moja kwa moja. Yeye alitaka injini ya mkono, ile unayoishika mpini wake nyuma kabisa, hakuna konsoli, hakuna waya. Naiheshimu sana hiyo. Ni rahisi, boti nzima inabaki wazi, na hakuna kebo ya usukani. Asiyeijua kebo hiyo niulize mimi: chumvi ikiingia inaganda, usukani unagoma kugeuka, na kebo mpya yenye urefu sawasawa haipatikani kijijini, inafuatwa Dar es Salaam. Usukani wa mafuta ni laini zaidi, lakini nao ukivuja unahitaji fundi wa kutoa hewa kwenye mipira yake. Injini ya nguvu za farasi 40 mkono wa mtu mzima unaimudu. Kama kazi yako ni karibu na mwamba, saa moja kwenda na saa moja kurudi, baki na mpini wako. Hela ya konsoli nunulia maboya ya kuvaa na redio.

Tatizo ni kwamba kikundi hiki hakitaki kubaki karibu. Wanataka kwenda nje kufuata jodari, saa tatu au nne kila upande. Hapo mtu wa mpini anakuwa amejipinda kiuno, mkono mmoja nyuma, kelele ya injini sikioni, na mbele yake kuna migongo ya wenzake kumi na maboksi ya barafu. Haoni pua ya boti. Boti ikianza kushika kasi pua inanyanyuka kabla ya kulala juu ya maji, na aliye nyuma kabisa ameketi ndiye anayepofuka zaidi. Tena hana pahala pakavu pa kuweka dira, wala GPS, wala mashine ya kutafutia samaki.

Konsoli ya pembeni, iliyobanwa ubavu wa kulia, inaacha nafasi upande mmoja na bei yake si kubwa. Lakini nahodha, usukani na mara nyingi betri vyote viko kulia, boti inalala upande huo, na mafundi wachache wanakumbuka kupeleka betri na tangi kushoto kusawazisha. Kwa nyavu zinazovutwa upande mmoja tu inafaa, mradi upande huo uwe ule usio na konsoli. Muuzaji hatakuuliza unavuta nyavu upande gani. Mwambie wewe.

Mimi nasimama na konsoli ya katikati. Iwe ndogo, nyembamba kiasi cha mtu mmoja, na isogezwe nyuma kidogo ya katikati ya boti, maana hapo ndipo boti inaporuka kidogo kuliko mbele. Asili yake ni wavuvi wa ndoana, wanaotaka kumzunguka samaki boti nzima, mbele mpaka nyuma, bila mshipi kukwama. Hicho ndicho anachotaka mtu wa mishipi wa Kilwa vilevile. Kila upande ibaki njia ya mtu kupita na ndoo mkononi, kona zote ziwe za mviringo, na bomba la kushikia lizunguke kwa ndani. Nahodha asimame. Aliyesimama anaona mbali, na magoti yake yanapokea mawimbi badala ya uti wa mgongo.

Kioo je? Kiwepo, lakini kifupi, kimelala nyuma kidogo, na ukingo wake uishie kifuani kwa nahodha akiwa amesimama. Kosa ninaloliona kwenye boti nyingi ni ukingo kukaa sawa na macho. Hapo mtu hatazami juu ya kioo wala ndani ya kioo, anatazama mpira mweusi wa ukingo. Anachuchumaa au anasimama kwa vidole siku nzima. Kioo kifupi kinakinga geji na manyunyu, kinapunguza upepo wa kifuani, na shavu la mzee wetu linabaki huru kupokea habari zake. Masika atalowa, ni kweli. Koti la mvua ni bei ndogo kuliko kioo.

Sasa niseme jambo linalonitia hofu kuliko kioo. Konsoli ina tumbo lenye mlango, na mvuvi akiona kasha lenye mlango anaweka madumu ya petroli, yasilowe. Ndani ya tumbo hilo hilo kuna betri, nyaya na swichi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, haupandi ukaondoka, unatuama chini kwenye kasha na kwenye ngama. Cheche moja ya swichi inatosha. Mafuta yakae nyuma, nje, penye hewa. Fundi akikuonyesha konsoli bila tundu la hewa chini na juu, mwambie atoboe. Na kama kuna kitu cha kubishania bei kwa muuzaji, ni hicho, achana na rangi.

La pili ni kamba ya kuzimia injini, ile nyekundu inayofungwa kiunoni au mkononi mwa anayeendesha, akianguka injini inazima. Marekani wameifanya sheria tangu Aprili 2021 kwa boti za starehe zilizo chini ya futi 26. Sisi tunaifunga kwenye swichi na kuisahau hapo. Mtu akitupwa majini, boti yenye gesi inaanza kuzunguka na inarudi kumtafuta, kwa panga la injini. Swichi ya kamba hiyo iwekwe kwenye konsoli mahali ambapo haizuii mkono kugeuza usukani, la sivyo siku ya tatu ataitoa. Dira nayo ikae mbali na spika ya redio, simu na vyuma, walau urefu wa mkono, la sivyo itawapeleka isikotakiwa.

Niongeze moja lisilo la konsoli. Mwaka 1961 jarida la Life la Marekani lilimwonyesha mwenye kampuni ya Boston Whaler, Dick Fisher, ameketi kwenye boti yake ya faiba wakati inakatwa vipande viwili kwa msumeno. Akaondoka na kipande chenye injini. Ndani ya kuta za boti kulikuwa na povu gumu linaloelea. Muulizeni anayewauzia: boti hii ikijaa maji mpaka mdomoni, inabaki juu au inakwenda chini na injini yangu?

Kwenye kile kikundi ubishi ulikuwa unarudi pale pale, manahodha wengi chombo kinakwenda mrama, mpaka kijana mmoja akachukua fimbo akachora boti mchangani kwa vipimo vya katalogi. Wakasimika vijiti pembeni, wakaleta meza ya mama lishe iwe konsoli, wakaleta na jarife lenyewe. Wakavuta. Meza ilipokaa katikati kabisa watu wawili walipigana vikumbo. Wakaisogeza nyuma hatua moja, ikawa afadhali. Nahodha akasimama nyuma ya meza, mtu akashika ubao mbele yake kuwa kioo, akawa anamwambia, "Shusha, shusha tena." Ulipofika kwenye kifungo cha pili cha shati akasema basi. Wakapima kwa futi kamba, wakaandika kwenye daftari.

Vipimo hivyo ndivyo vilivyopelekwa kwa fundi, pamoja na sharti moja lililoandikwa kwenye mkataba: konsoli isitobolewe tundu hata moja sakafuni kabla nahodha hajaenda mwenyewe kusimama hapo.