ADA YA UKAGUZI NI BEI YA KAZI



Wengi wetu hapa Kakamega twafuga nguruwe mmoja au wawili nyuma ya nyumba, maana mshahara hautoshi. Tangu kiwanda cha sukari cha Mumias kilipotiwa chini ya meneja mpokezi mwaka 2019, wako wenzetu ambao nguruwe ndiye aliyewalipia watoto karo. Wengine wetu ni wachinjaji na wauza nyama. Basi neno la ada ya ukaguzi ni letu sote.

Wako wasemao ada ifutwe kabisa. Sisi hatusemi hivyo. Nguruwe azururaye hula kinyesi cha watu, na akila mayai ya tegu, nyama yake huota vifuko vyeupe kama punje za mchele. Mtu alaye nyama hiyo haijaiva hupata tegu tumboni. Na mayai ya tegu yakiingia kinywani kwa mikono michafu au chakula kichafu, wadudu wake huweza kufika ubongoni na kuleta kifafa. Ndiyo sababu mkaguzi hupasua ulimi, moyo na minofu kabla ya kupiga muhuri. Kazi hiyo yastahili malipo.

Lakini malipo ni kwa kazi. Katiba ya mwaka 2010 imezipa kaunti mambo ya machinjio na kuzuia magonjwa ya mifugo, na kifungu cha 209 chaziruhusu kutoza malipo kwa huduma wanazotoa. Pasipo huduma, hapana haki ya kudai. Muhuri unaopigwa bila kisu kugusa nyama si ukaguzi, na shilingi isiyo na risiti si ada.

Tena tufahamu ni nani alipaye. Mwenye bucha hupunguza ada hiyo katika bei ampayo mfugaji, na mwenye nguruwe mdogo huumia zaidi. Ada ikizidi, watu huchinja migombani usiku. Hapo serikali hukosa fedha, na mlaji hukosa ulinzi.

Kwa hiyo twadai mambo manne:

1. Kiasi cha ada kibandikwe mlangoni pa kila machinjio, na kila alipaye apewe risiti.
2. Mkaguzi awepo kila siku ya kuchinja, tangu alfajiri.
3. Sehemu ya fedha hizo irudi kuleta maji, sakafu safi na shimo la taka.
4. Mfugaji mdogo asaidiwe dawa za minyoo na mafunzo, na apewe habari mapema homa ya nguruwe izukapo. Ugonjwa huu uliandikwa kwa mara ya kwanza kutoka Kenya mwaka 1921, na hata leo hauna tiba. Ukiingia zizini humaliza wote.

Nasi tuna wajibu wetu. Tufungie nguruwe, tuchimbe vyoo, tusiuze mgonjwa kwa haraka ili hasara imfikie mwingine.

Kila mwaka Kaunti hutunga Sheria ya Fedha, na wananchi huitwa kutoa maoni kabla haijapita. Hapo ndipo ada hupangwa. Kila tawi lichague watu wawili waende na madai haya yameandikwa. Anayenung'unika sokoni baada ya sheria kupita amechelewa.

Umoja ni nguvu.