Kabla ya Mapazia, Uliza Waya wa Uani Umepita Wapi



Leo naomba tuweke gauni na hina pembeni kidogo. Nina jambo limenikaa moyoni, na najua wengine mtasema, "Huyu fundi cherehani na umeme wapi na wapi?" Nivumilieni mpaka mwisho.

Kila wiki nawapima mabiharusi. Napima kifua, napima mkono, na huku tunazungumza habari za nyumba: makochi ya namna gani, pazia rangi gani, kitanda cha kuchongesha hapa au cha kuagiza Dubai. Sijamsikia hata mmoja akisema ameuliza waya unaokwenda jiko la nje umepita wapi. Siwalaumu. Na mimi nilikuwa hivyo hivyo.

Chumba changu cha kushonea kiko uani, hatua kama kumi na tano kutoka mlango wa nyuma. Nilipokijenga, fundi alinivutia umeme kutoka nyumbani kwa ule waya mweupe bapa unaofukiwa ndani ya kuta. Akaufunga kwenye mlimao, akaupitisha juu ya kamba ya kuanikia, akauingiza dirishani. Nikamuuliza, "Haupiti kwenye bomba?" Akanijibu, "Hapana haja dada, bomba gharama tu." Nikafurahi. Pesa niliyookoa nikanunua pasi.

Jua likaufanyia kazi waya ule kwa miaka mitatu. Ganda likakauka, likaanza kupasuka, na mimi napita chini yake kila siku sitazami juu. Masika moja, mwanafunzi wangu, binti wa miaka kumi na saba, alikuwa ameanika kanga mbichi. Upepo ukairusha ikajikunja kwenye waya. Akaishika kuivuta. Tulisikia ukelele mmoja tu, tukatoka mbio, tukamkuta chini, kiganja kimeungua.

Alhamdulillah, alipona, na leo ana cherehani yake mwenyewe. Lakini siku ile ilibidi nende kwa mama yake. Nilimweleza nikiwa natetemeka. Akaniambia, "Ni mipango ya Mungu, mwanangu." Afadhali angenitukana. Maana mipango ya Mungu naiamini, lakini mimi niliulizia bomba, nikaambiwa ni gharama, nikachagua pasi. Hilo silisukumi kwenye kadari. Mtume wetu (s.a.w.) alimfundisha yule bwana amfunge ngamia wake kwanza, kisha ndio amtegemee Mungu. Waya wangu sikuufunga.

Kwa hiyo leo nasema wazi: waya wa nje ya nyumba ni jambo letu sisi wanawake, na tusikubali kuambiwa ni mambo ya wanaume. Nani anaanika nguo uani? Nani anawasha pampu ya kisima alfajiri miguu ikiwa majini? Watoto wanacheza mbele ya nani? Bwana anatoka asubuhi anarudi Magharibi. Anayekaa na ule waya ni wewe, na mama ni mchunga wa nyumba yake, ataulizwa juu ya alichokichunga.

Tumezoea vibaya pia. Wa umri wangu tunakumbuka mwaka 2008, Unguja ilipokaa karibu mwezi mzima bila ya umeme, na tena kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Waya zilikuwa zinavutwa madirishani kwenda kwenye majenereta, na tulikuwa na dharura kweli. Umeme ulirudi, lakini ile tabia ya kutupia waya popote kwa wengi wetu imebaki.

Baada ya mkasa ule nilimtafuta fundi mwengine, mtu mzima mwenye leseni, nikamkalia kichwani kwa masuali kama navyokaliwa mimi na mabiharusi. Nilichojifunza ni hiki.

Mabomba ya umeme, mafundi wanayaita kondiuti, si ya aina moja. Lile jeupe jembamba la plastiki ni la kufukia ukutani. Ukiliweka juani linageuka manjano, halafu linavunjika kama ganda la yai. Kwa ukuta wa nje taka bomba zito lililotengenezwa kwa kukaa juani, na mwambie muuzaji akuoneshe maandishi yaliyopigwa juu ya bomba lenyewe. Lile la kukunjika lenye mikunjo mikunjo linafaa kwa kipande kifupi, kama pale waya unapoingia kwenye pampu, lakini si la kuzungushia uwa mzima. Na bomba la maji lisifanye kazi ya umeme hata kama limebaki kwenye ujenzi. Kesho atakuja mtu kuchimba, atadhani ni maji, atalikata.

Wengine watakwambia weka la chuma ndio madhubuti. Kwa kugongwa ni madhubuti kweli. Lakini sisi tuko kisiwani, hewa yetu ina chumvi, na geti lako unalijua linavyokula kutu. Bomba la chuma linaanza kutu penye viungo na pale lilipokatwa. Tena lazima liunganishwe na waya wa ethi, ama sivyo waya ukichubuka ndani, bomba zima linakuwa na umeme. Kwa nyumba zetu nyingi za karibu na pwani, plastiki nzito ndiyo inayotufaa.

Ukubwa nao usidharau. Sisi wa cherehani tunajua, ukishona njia ya mpira wa kiunoni ikawa nyembamba, mpira hauvutiki, na ukivutika unachanika. Waya ni hivyo hivyo. Zisijaze bomba, zichukue chini ya nusu ya nafasi, kwa sababu waya zinazobeba mzigo zinapata joto na joto linataka pa kutokea. Kona ziwe za mviringo, zisiwe kali. Na mwambie fundi aache uzi ndani ya bomba, ili siku ukitaka kuongeza waya usibomoe upya.

Likipita chini ya ardhi, lizame nusu mita, na pale gari inapopita sentimita 60. Wale wenzangu wa upande wa mawe najua mtacheka, maana kuchimba shimo la nusu mita kwenye matumbawe ni kazi ya siku nzima. Hapo ndipo fundi anapochimba kiganja kimoja akafukia haraka haraka. Bora alipitishe bomba ukutani wazi wazi, unalolionea, kuliko kulificha juu juu jembe lije kulipata. Akichimba sawasawa, atie mchanga laini chini na juu ya bomba, na juu yake utandikwe utepe wa kuonya. Kabla hajafukia, piga picha na simu yako. Miaka kumi ijayo utajua pa kupanda mchungwa.

Na bomba si mwavuli. Lililo chini ya ardhi mwisho wake linaingia unyevu, kwa hiyo waya wa ndani yake nao uwe wa kuhimili maji, si ule mweupe wa ukutani kama wangu. Soketi na swichi za nje ziwe za kufunika, na waya uziingie kwa chini ili mvua isifuate waya ikaingia ndani. Juu ya yote, bodi ya nyumba iwe na kile kifaa kinachokata umeme wenyewe pale unapovuja, kile cha miliampea 30. Bomba linaulinda waya na jua, jembe na panya. Kifaa kile kinamlinda mtu. Umeme wetu ni wa volti 230, hauna mzaha, kwa hiyo hata ukiyajua yote haya usishike mwenyewe. Kazi yako ni kujua cha kudai.

"Gharama, dada." Najua. Lakini hebu piga hesabu ya mapambo ya jukwaa yanayokaa masaa manne, kisha uulize bomba la kukaa miaka ishirini. Biharusi, wakati vyombo bado havijapelekwa, mwambie mchumba wako au kaka yako aende na fundi akaangalie uwa. Mwambie kwa upole na kwa adabu, kama unavyoomba rangi ya chumba. Mwanamme mwenye kujali hatoona haya kwa mke anayejali usalama wa watoto ambao bado hawajazaliwa. Ukiwa unapanga, mkabili mwenye nyumba kabla hujalipa kodi, si baada yake.

Na mama zetu mnaoandaa shughuli uani: zile taa za maharusi zinazozungushiwa mikarafuu na mahema ni waya pia. Zisipite chini ya mikeka wala juu ya nyasi mbichi, na mvua ikianza zizimwe. Kuondoa chenye kudhuru njiani ni katika imani, basi na njia ya kwenda jikoni ni njia.

Waya wangu leo uko ndani ya bomba, umezunguka ukuta, umeingia chumbani kwa chini. Kamba ya kuanikia nimeihamishia upande mwengine. Binti yule alipokuja kunisalimia mara ya mwisho, alitazama juu ya mlimao kabla ya kupita. Miaka yote hii bado anatazama juu.

Allah atuhifadhie nyumba zetu, na awape mabiharusi wetu maskani yenye amani. Amin.